Tanuri la Kokwa

Mpole? Ndinda hakuwa mpole hata siku moja. Akiwa msichana kule Mbooni alimng'oa mwizi wa mbuzi meno kwa mwiko wa ugali, na alipofiwa na mume aliliendesha tanuri lao la matofali pale Mbumbuni kwa ubishi uleule. Kisha akaacha kununua magogo. Miti ya mivuti aliyoizoea kwa kuni ilikuwa imekwisha vilimani, kwa hiyo akaanza kuchoma kwa kokwa kavu za maembe, zile zinazotupwa na wakamua juisi. Siku hiyo alikuwa anachoma tanuri zima kwa kokwa tupu kwa mara ya kwanza. Likiharibika, angerudi kwenye magogo akiwa ameinamisha kichwa.

Aliyeomba liharibike ni Kisilu, mchoma makaa aliyekuwa akimuuzia hayo magogo. Alikuja saa nane mchana na ndugu yake Nzau.

"Zima hii takataka, Mama Mulinge," Kisilu akamwambia Ndinda.

"Jaribu uone, mjinga wewe!"

Kisilu akajaribu. Alimpiga kwa mpini wa jembe, na mfupa wa mkono ukalia. Ndinda akamtupia Nzau tofali, likampasua paji la uso, lakini Nzau alimwangusha vilevile akamkandamiza kwa goti kifuani, damu ikimdondokea mama wa watu usoni.

Kisilu akafanya kazi aliyoizoea. Tanuri la makaa huzimwa kwa udongo: unaziba kila tundu, moto unakosa pumzi, unakufa. Akaziba midomo yote ya tanuri kwa matofali na udongo, akakaa akavuta sigara. Moshi ulipopungua, akainama afungue mdomo mmoja aone kama moto umekufa.

Ndinda alijua. Kokwa zina mafuta, na ukizinyima hewa hazifi, zinajaza tanuri moshi unaosubiri hewa tu ulipuke. Somo hilo lilimgharimu nyusi zake mwaka jana. Akataka kusema. Akautazama mkono wake ulivyopinda, na kwa chuki akamwacha aendelee.

Kisilu akachomoa tofali.

"Toka hapo!" Ndinda akapiga kelele.

Moto ulitoka kwa kishindo ukamla Kisilu uso na mikono. Nzau alitoka mbio. Ndinda ndiye aliyeinuka, akamfunika yule mtu kwa magunia mabichi kwa mkono mmoja, huku akimtukana na kulia.

Majirani waliosikia kelele wakaja wakazibua tanuri, likaendelea kuwaka, na matofali yakatoka mekundu, yameiva hadi ndani. Tangu hapo hakuna gogo lililoingia pale. Kanisani walimsifu mjane aliyemwonya adui yake.

Kisilu alirudi na jicho moja, akasimama mbali na tanuri.

"Asante, Mama Mulinge. Ulinipigia kelele. Ni mimi nilichelewa kusikia. Sasa hata panga siwezi shika vizuri. Uko na kazi?"

Ndinda alimpa kazi ya kuanika kokwa. Hakuweza kumnyima. Kila asubuhi Kisilu humsalimu kwa uso ule ulioungua, na kila mgeni akifika humweleza jinsi mama huyu alivyojaribu kumwokoa.