Mama Zuhura na Majina Yake Matatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ya Liwali pale Tanga mjini, Karani Mkuu alinikalisha kwenye dawati la mwisho, akanipa kalamu ya kuchovya na onyo moja. "Andika unachosikia," aliniambia. "Mlalamikaji usimtazame. Ukimtazama utamhurumia, na ukimhurumia utaandika asiyoyasema." Nililimeza neno lile zima zima. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Mabawa niliyemaliza shule juzi tu, mwandiko wangu safi, na nilipenda mno kusifiwa. Miaka ya hamsini hiyo, wanangu, karani wa mahakama akipita sokoni na koti lake watu walimpisha!

Baadaye nikahamishiwa Pangani. Liwali, kwa asiyejua, ndiye aliyekuwa hakimu wa wenyeji wa pwani, na kando yake waliketi wazee wa baraza, watu wazima wawili wa kumshauri. Kazi yangu ilikuwa daftari la mashauri: nani kamshitaki nani, kwa lipi, na limeishaje. Mwishoni mwa daftari palikuwa na orodha ya majina ya walalamikaji, yamepangwa kwa herufi. Liwali akiuliza, "Yumo?" mimi nimeshajibu kabla hajafunga mdomo. Nilikuwa na kiburi nayo orodha ile, sifichi.

Swali lenyewe halikuwa dogo. Mke akija kulalamika kuwa mumewe kampiga, na ikawa ni mara ya kwanza, desturi yetu ilikuwa suluhu: mume anaonywa, mke anarudi naye nyumbani, wote wawili wanatia dole gumba kwenye karatasi. Akiwa alishakuja kabla, mume hushitakiwa kwa shambulio, na mke halazimishwi kurudi. Kwa hiyo jibu langu ndilo lililoamua mwanamke akalale wapi.

Asubuhi moja akaja mwanamke kutoka ng'ambo ya mto, kajitanda kanga hadi puani, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Mumewe, mkwezi wa minazi, aliketi nyuma yake akichekeana na wazee. Mwanamke akajitaja kwa sauti ya chini: Mwanaidi binti Salehe.

"Yumo?" akauliza Liwali.

Nikapitisha kidole kwenye herufi M. "Hayumo, Bwana Liwali."

"Ugomvi wa kwanza huo," akasema mzee mmoja wa baraza. "Wapatanishwe, waende zao."

Nikaandika suluhu, nikamsogezea mwanamke kisahani cha wino. Na hapo, jamani! Asiyejua kusoma kwa kawaida huuliza atie kidole kipi, halafu hukididimiza wino ukatapakaa. Huyu hakuuliza. Alililaza dole gumba ubavu, akalibiringisha taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili, vilevile tulivyotaka sisi, akaliinua bila kuchafua karatasi. Huyu alikuwa amefundishwa, na mwalimu wa jambo lile Pangani nzima nilikuwa mimi. Nikaiangalia alama yake: kovu limelikata dole katikati.

Kovu lile nilishaliona. Nikasimama bila kuitwa, jambo ambalo karani hafanyi.

"Una nini wewe?" akafoka Liwali. "Umeumwa na siafu?"

"Naomba nafasi nipekue jalada la suluhu, Bwana Liwali. Tafadhali sana!"

Nikapekua. Miezi michache nyuma, kovu lile lile. Mlalamikaji: Mama Zuhura. Mlalamikiwa: Baba Zuhura. Mwaka uliotangulia, kovu tena. Mlalamikaji: Mke wa Mkwezi. Mwandiko wote wangu, tena mzuri ajabu! Mwanamke wa kwetu mwenye adabu hamtaji mumewe kwa jina, na lake mwenyewe halitaji ovyo mbele ya wanaume. Mimi nikaandika alivyosema, nikajiona nimemaliza kazi. Mara ya pili nilisema hayumo, na leo nimesema tena. Niliona aibu, lakini nilifurahi kuliko nilivyoona aibu, maana karatasi ya leo ilikuwa bado haijapigwa muhuri.

Nikazipanga karatasi zote tatu mezani kwa Liwali. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaziinamia. Kisha akamwamuru tarishi wa mahakama amtoe mume nje.

"Binti Salehe," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "mbona hukutwambia kuwa umeshafika hapa mara mbili?"

Mwanamke akashangaa. "Mie nikajua mwajua, Bwana Liwali. Kila mara nilimwona huyu karani akiandika."

Hapo ndipo nilipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kanga ilikuwa imeteremka, na mdomo wake umepasuka. Natamani ningemtazama mwaka mmoja kabla.

Liwali akaichana suluhu. "Shauri la shambulio," akaniambia. "Andika, na uweke majina yake yote matatu, hata ukurasa usipotosha!" Mume akazuiliwa pale pale, na tarishi akamsindikiza mke hadi kwa kaka yake, upande huu wa mto.

Tangu wiki ile kila mlalamikaji aliandikwa jina lake, la babake, la mumewe, la mtoto na la kijiji, na aliulizwa mume akiwa nje: "Umeshafika hapa?" Wazee wa baraza walinicheka, wakaniita Karani wa Ukoo. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu aliyekagua madaftari, aliuliza kwa ukali nani kaongeza safu hizi. "Mimi," akajibu Liwali, nami nusura nipige vigelegele! Bwana Shauri akasoma kurasa tatu, akaagiza mfano ule upelekwe Tanga.

Nimefanya kazi Muheza, nikarudi Tanga, nikastaafia huko. Lakini nilipokuwa bado Pangani, kaka yake Mwanaidi kila akija sokoni na nazi zake alipita barazani kwangu kuniletea salamu za dada yake, na mimi, kwa miaka yote niliyobaki pale, kila mwisho wa mwezi nililitafuta daftarini jina lake, kwa namna zote tatu za kuliandika. Vijana wa mahakama wakija kunipa shikamoo huniuliza ni shauri gani lililonifurahisha kuliko yote. Huwaambia ni la nne la Mama Zuhura, lile ambalo halikuletwa.