Mvua ya Uru, Maji ya Mabogini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Bonde, mkuu wa ofisi yetu ya maji, hakunionyesha meza. Alinipeleka darajani, chini ya miteremko ya Uru, akaninyooshea kidole rula ndefu ya chuma iliyosimikwa mtoni. "Binti, hiyo ndiyo itakuambia kina cha maji," alisema. "Ukiizoea, utajua mto umeamkaje." Nikaitika, viatu vyangu vipya vimejaa tope.

Nilianza kama fundi sanifu wa maji. Nilisoma vina vya mito na kutunza vipimamvua kwenye shule na parokia za mlimani, kisha nikapelekwa kusomea uhandisi. Niliporudi nilikabidhiwa kitengo cha tahadhari ya mafuriko. Huko nikakutana na modeli, yaani programu ya kompyuta inayokadiria mvua ya mlimani itanywewa kiasi gani na ardhi, itatiririka kiasi gani, na itafika lini bondeni.

Modeli tuliyopewa ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mlima wetu haikuujua. Msimu wa kwanza ilitangaza mafuriko Mabogini, kijiji cha mpunga kule bondeni chini ya Moshi. Watu wakaacha mpunga wao, wakahama na watoto, na maji hayakuja. Mwenyekiti wa kijiji alifika ofisini amekasirika. "Mama, mkituita tena bure, hatutoki."

Mhandisi wa Bonde wa wakati huo, aliyemrithi yule wa kwanza, alitaka tuachane nayo. Nikamwomba msimu mmoja. Mimi na wenzangu tukapanda Uru na Old Moshi kwa miguu, tukipima jinsi ardhi inavyokunywa maji. Kihamba, lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, lina majani yaliyooza yanayofyonza mvua vizuri sana. Palipofyekwa pakajengwa nyumba na barabara, maji huteremka karibu yote. Na ardhi iliyoshiba mvua ya jana haipokei ya leo. Tukayaingiza hayo yote, tukaijaribu modeli kwa mafuriko ya zamani mpaka ikakubaliana nayo.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, vipimamvua vya mlimani vilianza kujaa kwa kasi. Kwetu ofisini, Moshi mjini, hakukuwa na tone. Modeli ikasema mto utavunja kingo Mabogini mchana. Mhandisi akatazama jua dirishani, akanitazama mimi.

"Una hakika?"

"Hakika ya kutosha kupiga simu."

"Ukikosea, hawatatusikiliza tena."

"Najua, mzee. Lakini nikinyamaza na maji yakaja, hatabaki wa kutusikiliza."

Akanisogezea simu.

"Mama, huku jua linawaka. Tunapalilia," Mwenyekiti alisema.

"Mvua iko Uru, Mwenyekiti. Maji yako njiani. Watoe watu shambani sasa hivi."

Akaiacha simu wazi. Kisha nikamsikia akipaza sauti, na watu wakiitana.

Mto ulikuja na rangi ya udongo wa mlimani, umebeba magogo na migomba mizima, ukafunika majaruba yote. Mpunga uliharibika. Watu walikuwa wamesimama barabarani, kwenye mwinuko, wakitazama. Mwenyekiti akapiga simu: "Mama, nimewahesabu. Wote wapo." Mhandisi akachukua simu mkononi mwangu. "Amesikia, Mwenyekiti. Analia tu."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi baada ya pale, na vituo vya kupimia vimeongezeka. Vijana wa sasa wanapata takwimu za mvua kwenye simu zao, nami sioni wivu. Nawaambia tu wapande mlima, waiguse ardhi wanayoiandikia hesabu.

Sasa nimestaafu. Masika yaliyopita nilikwenda Mabogini kumtembelea binti yangu aliyeolewa huko. Tukiwa tunachambua mboga, ujumbe wa tahadhari ukaingia kwenye simu zetu. Nikaanza kujiuliza kwa sauti ni kipimamvua cha wapi kilichojaa. Binti yangu alishambeba mtoto mgongoni.

"Mama, maswali baadaye. Twende."

Nikamfuata. Majirani nao walikuwa wakitoka na mbuzi wao na magodoro, na hakuna hata mmoja niliyemwona akitazama mawingu kwanza.