Poda Isiyotiwa Ngano

Wifi yangu alikuwa na midomo ambayo hata bila rangi ilionekana imepakwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kwanza, kabla ya ugonjwa, na bado linaniuma.

Alikuwa dada mdogo wa mume wangu. Ndoa ya Mombasa ilimshinda, akarudi Voi, kwa mama yake mtaa wa Kaloleni, na sanduku la vipodozi. Akawa anawauzia wanawake wa mtaa wanja, rangi ya mdomo, na poda ya kupima, ile anakufungia kwa kipande cha gazeti. Mimi niliolewa boma hilo hilo kutoka Chawia huko milimani, nimesoma mpaka darasa la nne, mikono ya jembe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nina midomo.

Halafu nikaugua. Kuhara, tumbo kujaa, mwili kuisha. Mtu wa leo hajui ilikuwa nini mwanamke kukonda Voi miaka ile ya tisini, mji wa kulala malori. Hakuna aliyeniuliza una nini, walishajua wao. Kwa mfereji wa maji wanawake walinipisha nichote kwanza, si kwa heshima, ni ili niondoke haraka. Nilipimwa ule ugonjwa mara mbili, sina. Lakini karatasi ya hospitali utaivaa kifuani?

Aliyeniokoa ni daktari mmoja mwanamke, mgeni, alikuja hospitali moja huko milimani kwa muda mfupi. Aliniuliza nakula nini siku kwa siku mpaka nikachoka kujibu. Mwisho akasema, "Mama, acha ngano. Chapati, mkate, mandazi, tambi, zote. Matumbo yako hayawezi hata chembe." Nilidhani ananichezea. Ngano, chakula cha wageni na sikukuu! Lakini niliacha, nikarudia ugali na kimanga cha mihogo na maharagwe kama tulivyolelewa, na baada ya miezi mashavu yakaanza kurudi.

Wifi yangu naye kila Jumapili anakanda chapati pale uani. Anakula tatu, nne, kiuno kiko pale pale. "Wifi, pole, hizi si zako," ananiambia, na mafuta yanang'aa kwenye hiyo midomo yake. Nilimtazama akitafuna mpaka nikasahau sahani yangu. Kama ni wivu, basi uitwe wivu, sikatai.

Ndipo ikaja harusi ya shemeji yangu, kitinda mimba wa boma, alikuwa anaoa msichana wa Bomeni. Wale wote wa mfereji wangekuwepo. Nilitaka kitu kimoja tu: niingie na uso umejaa, midomo myekundu, wanione, wanyamaze. Nikaenda kwa wifi.

"Wifi, hii poda haina ngano?"

"Ngano! Wifi, hii ni poda, si andazi!"

"Niapie."

"Haki ya Mungu haina."

Akanifundisha wanavyofanya huko Mombasa: unagusisha poda kwa midomo kwanza, ndipo unapaka rangi, inashika hata ukinywa chai. Nikawa napaka kila siku, nijizoeshe, maana sijawahi, na harusi ilikuwa bado miezi miwili. Siku ya tisa kuhara kukarudi. Wiki ya tatu sketi ilikuwa inashikwa na pini. Kwa mfereji wakaanza tena kunipisha.

Mama mkwe akaniita. Hakuwa mama mbaya. "Mwanangu," akasema, akiangalia kuku, "siku ya harusi labda upumzike tu nyumbani. Watu wana maneno."

Nilirudi chumbani nikakaa. Ngano sijaonja. Kijiko changu, sufuria yangu, vyote viko pembeni. Nikahesabu kila kitu kinachogusa mdomo wangu, nikafika kwa ile poda. Nilikuwa nimetoka kufua, vidole vimelowa. Nikachota kidogo, nikasugua. Sasa, mimi kabla ya kuugua nilikanda chapati za boma lile miaka tisa. Kidole changu kinajua. Poda ya kweli ikilowa inateleza, inaisha. Hii ilivutika.

Sikusema. Kwanza nilizunguka maduka ya Voi natafuta nyingine. Kila duka naomba chembe ya poda ya kupima, natia mate, nasugua. Mwenye duka mmoja akanishangaa, "Mama, unataka kupaka ama kupika?" Watu wakacheka, na yule aliyecheka sana alikuwa jirani yetu. Duka la kwanza ikavutika. La pili ikavutika. Makopo yaliyofungwa hawakutaka niyafungue, na bei yake sikuiweza.

Nikarudi nyumbani mchana ule ule. Wifi alikuwa anaoga. Nikafungua sanduku lake. Juu kuna poda ya kuuza, na chekecheke, na mfuko wa unga wa ngano umekunjwa vizuri. Chini kabisa, ndani ya leso, kopo moja la poda, la rangi ya waridi. Nikalowesha kidole. Ikateleza kama maji ya sabuni.

Hapo ndipo nilishikwa na kitu kibaya. Si ule unga ulioniuma. Ni hilo kopo. Sisi tupake chapati, yeye apake poda.

Akaingia na kanga kifuani. "Unatafuta nini kwa sanduku langu?"

"Hii unayopaka wewe."

Akaona mfuko wa unga mkononi mwangu. Akakaa kitandani. "Wifi, kila muuzaji anaongeza kidogo. Hakuna mtu amekufa."

"Mimi nakufa. Na nilikuuliza. Na uliapa."

"Nilidhani unasema kula! Nani anakula poda?"

"Wewe ndiye ulinifundisha kuiweka mdomoni."

Nje, uani, kulikuwa na wateja wake wanne wakimngoja. Ningefungua tu mlango niinue ule mfuko. Biashara yake ingeisha siku hiyo, na yale macho yangemgeukia yeye kwa mara moja maishani. Nilitamani, Mungu anajua. Lakini poda safi ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake.

"Nipe hili kopo," nikasema. "Na rangi ya mdomo mpya, ambayo haijaguswa na poda ya kuuza."

"Na utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Nilijaribu rangi peke yake wiki nzima, tumbo kimya. Nikaongeza poda ya kopo, tumbo kimya. Kunona sikunona, lakini siku ya harusi nilisimama, gauni halina pini, nimepaka. Mama mkwe aliniona mlangoni, hakusema kitu tena kuhusu kupumzika. Wale wa mfereji wakageuka. "Kumbe umepona!" mmoja akasema. "Umependeza, haki!"

Kabla sijafungua mdomo, jirani yule wa dukani akadakia, "Si ni wifi yake amempamba. Yule dada ana mkono!"

Na mama mkwe, mbele ya watu wa Bomeni wote, akamshika binti yake: "Asante mwanangu, umemtunza mwenzako." Wifi akainamisha kichwa, kama mtu mwenye haya. Nami nikatabasamu, kwa sababu nilishauza ulimi wangu kwa kopo.

Leo nausema ukweli. Ni yeye, dada wa mume wangu, alichanganya unga, akaapa, akanirudishia ugonjwa, akashukuriwa. Yuko, mzima, bado anakula chapati.

Picha ya harusi ile iko ukutani. Mimi niko pembeni, midomo myekundu, nilivyotaka. Lakini kila nikiitazama, macho yanaenda kwanza kwa midomo yake.