Rika Moja na Uhuru

Mke wangu hakuwahi kushika jembe tarehe tisa Desemba. Na hapa Endamarariek Desemba ndiyo mwezi wa jembe. Mvua imenyesha, udongo umelainika, kila mtu yuko shambani na mbegu zake. Yeye siku hiyo alijifunga khanga safi, akachinja jogoo, akaketi mlangoni kuwaangalia wapita njia. Ukimwuliza, alijibu, "Leo ni sikukuu ya serikali na yangu. Serikali imepumzika, na mimi napumzika."

Alisema alizaliwa siku ile bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, na alijivunia jambo hilo bila haya. Mwaka ule sherehe za Uhuru zilipofutwa na watu wakaambiwa wafanye usafi, alinuna. "Wamenifutia siku yangu bila hata kuniuliza." Halafu akachukua ufagio, akafagia barabara kutoka kwetu mpaka kwa jirani wa tatu.

Tulikuwa na rafiki, mfugaji wa Endulen. Kule ni ndani ya hifadhi ya wanyama, hawaruhusiwi kulima, kwa hiyo kwa miaka mingi alikuja kwetu kununua mahindi. Mimi aliniita ndugu, mke wangu akamwita shemeji, na wawili hao hawakukutana bila kuchokozana. Mzee huyo alipenda kusifu rika lake, vijana waliotahiriwa pamoja naye, na ng'ombe waliowalinda. Mke wangu alimsikiliza, kisha akasema, "Mimi rika langu ni Tanganyika."

"Shemeji, rika hilo lina mtu mmoja."

"Lina nchi nzima. La kwako linatosha kwenye lori moja."

Mke wangu alipougua na kuona hatapona, aliniambia, "Mkiniandikia msalaba, msiniibie siku yangu." Sikumwahidi. Mimi huahidi neno ninaloweza kulisimamia, na hilo sikuwa na uhakika nalo.

Sababu ni maneno ya mama yake. Mama mkwe alikuwa amenieleza zamani, kwa Kiiraqw, tukipukuchua mahindi. Wanaume wa kijiji walikwenda Mbulu kwa miguu kuona bendera mpya. Walilala njiani kwenda, wakalala njiani kurudi. Walipofika nyumbani walimkuta mtoto amezaliwa. Kama alizaliwa siku yenyewe, au siku moja kabla, au siku moja baadaye, mama mkwe hakujua. Hakukuwa na kalenda ndani ya nyumba ile. Mke wangu alichagua tarehe tisa, na mimi sikuwahi kumpinga, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Alifariki asubuhi ya siku ya Uhuru. Nilikuwa nimemshika mkono. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza gwaride, na nilisikia bendi ikipiga wakati nanyoosha shuka juu yake.

Kijana wetu mkubwa, anayeendesha gari la watalii kwenda kreta, ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu. Kabla ya kwenda kaburini alinisomea.

"Nimeandika mama alizaliwa tarehe moja mwezi wa saba."

"Hiyo siyo siku yake."

"Ndiyo iliyo kwenye kitambulisho, baba."

"Aliyeandika kitambulisho alimpa tarehe hiyo kila mzee asiyejua yake. Ukiwasikiliza hao, nusu ya kijiji hiki tulizaliwa asubuhi moja."

"Sawa. Nisome tarehe tisa Desemba?"

Nilianza kufunga vifungo vya koti langu.

"Unaona? Hata wewe huwezi kusema ndiyo. Pale kuna watu wa kanisa, kuna wajomba zangu, watabishana juu ya jeneza. Au utasimama mwenyewe uwaambie?"

Aliuliza hivyo kwa sababu ananijua. Hata kwenye mikutano ya kitongoji huwa nakaa nyuma, nasikiliza, narudi nyumbani.

Alipofika mbele ya watu kaburini na kusema, "Marehemu alizaliwa," nilisimama. Akaacha kusoma. Nikashika mti uliokuwa karibu.

Nikawaambia nilichokijua. Wanaume walikwenda Mbulu, wakarudi, wakamkuta mtoto. "Kwamba alizaliwa tarehe tisa, siwezi kuapa," nikasema. "Yeye aliamini hivyo. Kwamba tarehe moja mwezi wa saba si yake, naapa. Na kwamba amefariki siku ya Uhuru, nilikuwepo." Nikaona wajomba wanatazamana. Nikafikiri, nimemwibia siku yake mbele ya watu wote, na yeye hawezi kunijibu.

Yule mzee wa Endulen alikuwa amekaa upande wa wanaume, fimbo mapajani. Akainuka polepole.

"Kwetu," akasema, "anayetahiriwa mwanzoni na anayetahiriwa miaka mingi baadaye, kabla rika halijafungwa, ni rika moja. Chakula chao kimoja, heshima yao moja. Ninyi mnamsumbua shemeji yangu kwa ajili ya tofauti ya siku mbili?" Akageukia jeneza. "Nilikutania kwamba rika lako lina mtu mmoja. Leo nimewahesabu hawa waliokuja, nimeshindwa."

Watu walicheka pale kaburini, wanawake wakifuta machozi na kucheka. Mjomba mkubwa akatikisa kichwa, akasema, "Rika moja na Uhuru. Hilo nani atalikataa?" Kijana wangu akatoa kalamu mfukoni, akakata mstari mmoja, akasoma upya. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Fundi wa msalaba alitaka tarakimu, nikamkatalia. Alipaka rangi nyeupe: Alizaliwa wakati wa Uhuru. Alifariki siku ya Uhuru. Akaniuliza kama watu wataelewa. Nikamwambia asiyeelewa aje aniulize, nitamweleza.

Nao wanauliza. Mimi nisiyezoea kusema, sasa nasimulia habari za wanaume waliokwenda Mbulu kwa miguu na mtoto waliyemkuta waliporudi, na sichoki.

Mwaka huu mvua iliwahi. Tarehe tisa majirani wote walikuwa shambani tangu alfajiri, na mmoja akapita akaniita, "Mzee, udongo uko tayari, unangoja nini?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni, nimevaa shati safi. Jogoo alikuwa jikoni.

"Kesho," nikamjibu. "Leo nyumba hii ina sikukuu."