Darubini ya Placide na Ndege wa Matopeni

Placide wa mtaa wa Mudzipela ni fundi wa redio, lakini ukimpelekea redio mwezi wa tisa, shauri yako. Mwezi huo ndege wa Ulaya hukimbia baridi, huvuka jangwa na mipaka bila viza wala kuhojiwa na askari, kisha hutua bondeni kwenye mashimo ya wafyatua matofali yaliyojaa maji. Placide naye hufunga kibanda, huvaa buti, huenda kuwapokea kama shemeji zake.

Mwaka huu walikuja wengi. Mmoja wa miguu mirefu alitembea matopeni akitikisa makalio kama mama wa kwaya siku ya matoleo. Juu, kwenye mikaratusi, kulikuwa na kadege kadogo ka rangi ya majani makavu, kasikotulia hata kidogo. Placide alikatafuta kwa darubini asubuhi nzima, amelala kifudifudi, tumbo limelowa. Alikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Ubaya ni kwamba kwenye mashimo yale yale wanawake hufua nguo, na wakimaliza kufua huoga. Chantal, mke wa jirani, aliinua kichwa akaona vioo viwili vinang'aa nyasini, na nyuma yavyo upara anaoujua vizuri. Akapiga yowe. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa umejaa uani kwa Ambroise, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa.

"Placide, muzee muzima! Uko unaangalia bibi za watu?"

"Hapana, chef. Nilikuwa naangalia ndege."

"Ndege gani iko inavua nguo?"

Watu wakaangua kicheko. Ambroise akaiweka darubini mezani, akatangaza kwamba asipopatikana wa kumtetea mzee huyu, haitatoka pale hadi siku ya kiama. Placide alihisi machozi yanamlenga. Mfa maji haachi kutapatapa: akaeleza Ulaya, akaeleza baridi, akaeleza jangwa, na kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo.

Ndipo Adèle, mkewe, aliposimama. Miaka yote amewaita ndege wale wake wenza. Placide akajua amekwisha.

"Chef, huyu hana kosa. Tangu juzi nilisuka kichwa mupya. Nimemupikia, nimemuletea maji ya kunawa, nimeikala mbele yake. Hakuona. Mutu mwenye haone bibi yake mu nyumba, ataona bibi za wengine kule mu matope? Murudishie kitu yake."

Safari hii kicheko kilianza, kikafia njiani. Chantal akatazama chini. Ambroise alirudisha darubini bila kutoa hotuba, jambo ambalo si kawaida yake.

Wakarudi nyumbani, Adèle mbele, Placide nyuma. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri hadi kisogoni, na juu ya sikio palikuwa na mvi ambazo hakujua zilianza lini. Aibu ilimchoma kuliko ile ya mbele ya watu.

"Uko unaangalia nini?" Adèle aliuliza bila kugeuka.

"Kichwa yako. Iko muzuri."

"Ah. Leo ndo unaona."

Wala hakupunguza mwendo.