Jembe Lililonolewa Bure

Enzi za mashamba ya karanga kule Nachingwea, fundi wetu wa matrekta, Mmwera wa Ruangwa, alirudi karakana akitembelea magongo. Saratani ilikuwa imemchukulia mguu.

"Nimekuja kuaga, bwana," alimwambia msimamizi.

Msimamizi akavuta kiti, akakipigapiga. "Unaaga unakwenda wapi? Injini utazifungua ukiwa umekaa hapa. Vyuma vizito watakuletea hawa. Ukichoka, kalale."

Sote tukainamisha macho. Mtani wake Mngoni, ambaye kwa desturi ndiye angemchimbia kaburi, akafoka: "Na jembe langu nilishalinoa!"

"Hilo jembe kapalilie karanga!" fundi akajibu, akakamata spana. Karakana nzima tukaangua kicheko.

Enyi waajiri, mgonjwa wa saratani mpeni pole, lakini msimnyang'anye spana yake.