Taya la Mama Pini

Jina la Mama Pini alilipata kwenye cherehani. Alipompima mtu nguo alibana pini midomoni, sita saba kwa mpigo, na bado akapiga soga bila kudondosha hata moja. Mumewe, fundi saa mstaafu, alizoea kuwatania wateja: "Mwenzenu kila siku nambusu mke wangu kwa tahadhari."

Mwaka alioteleza bafuni na kuvunjika nyonga, daktari alimwambia mifupa yake imekuwa kama mkate mkavu. Akaanza kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa. Zikamfaa kweli, akasimama, akatembea, akarudi kazini.

Kisha gego likamsumbua, akaenda kung'olewa kwenye zahanati ya jirani. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani, naye hakuona jino na nyonga vina udugu gani. Wiki zikapita, shimo likagoma kuziba. Kila ulimi ulipopita pale uligusa kitu kigumu chenye ncha. Usaha ukaanza, na harufu, na baada ya harufu, aibu. Akawa anakula peke yake jikoni, analala ameelekea ukutani, anajibu kwa kutikisa kichwa.

Mzee alijipekua rohoni, asione kosa la kumnunisha mtu kiasi kile. Jioni moja akavuta kiti karibu naye.

"Mke wangu, kama nimekukosea nitukane, basi, tumalize. Kimya hiki kitaniua."

Mama Pini akafunika mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtangulia. "Nanuka, baba watoto. Kinywa changu kinanuka."

Mzee akainuka, akarudi na miwani na tochi yake ndogo.

"Fumbua nione."

"Sitaki."

"Maisha yangu yote nimechungulia matumbo ya saa za watu. Leo niogope mdomo ulionikubali nikiwa sina hata baiskeli?"

Akafumbua. Kwenye fizi, mahali palipokuwa na gego, mfupa ulikuwa umechungulia, wa manjano kama jino kuukuu. Mumewe hakukunja uso. Alizima tochi, akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Hii ina wenyewe. Kesho twende."

Daktari wa meno wa hospitali kubwa, mama wa makamo, alianza kwa kuuliza dawa. Aliposikia habari za zile sindano akaitikia kwa kichwa taratibu. Dawa hiyo huzuia mifupa isimomonyoke, alieleza, lakini kwa watu wachache taya likijeruhiwa hushindwa kujijenga, na kipande chake hufa.

"Yaani iliyoniponya ndiyo iliyoniumiza?"

"Usiilaani, mama. Nyonga yako imesimama kwa sababu yake. Nitaongea na daktari wako wa mifupa, tuone tunaendeleaje."

Akapewa vidonge na dawa ya kusukutua. Baadaye kile kipande kilichokufa kikaondolewa. Kwa miezi mingi chakula chake kilikuwa viazi vya kupondwa na supu, na mzee naye akala hivyohivyo.

"Wewe meno unayo. Si ule nyama?"

"Nitafune peke yangu mezani kama mkiwa? Ponda, tule."

Hatimaye fizi ikafunga. Shavu limebonyea kidogo, na pini sasa huzichomeka kwenye kijimto alichofunga mkononi. Upande mmoja wa mdomo umebaki na ganzi, hata chai humdondoka asijue. Mzee hunyoosha mkono, akampangusa kidevu, na kuendelea na hadithi yake palepale alipoishia.